Kabla ulaumu tokeni, simama mbele ya mita kwanza

Mhariri,

Kila mara nasoma hapa watu wakilia kwamba tokeni za stima siku hizi zinaisha upesi, na mimi nilikuwa kwa hiyo kwaya. Naishi Umoja na watoto wangu wawili wakubwa, nikinunua za mia tano hata sijaketi zishaanza kulia, basi kazi yangu ikawa ni kugombana na hao watoto juu ya taa, zima ya choo, zima ya jikoni, kumbe balbu masikini haikuwa na makosa.

Kwa mita kuna kataa kadogo kekundu kanakopepesa, na kando yake kuna nambari, yangu ni 1000, manake kakipepesa mara 1000 umekula yuniti moja (zingine zina 3200, soma yako). Jioni moja nikabembeleza keateka, yule mtunza ploti, anifungulie lile sanduku la chuma, mita zetu zimefungiwa utadhani ni sadaka ya kanisa, nikasimama chini na simu sikioni, binti yangu akabaki juu, friji ameichomoa, akiwasha kitu kimoja kimoja. Balbu ya wati 9 peke yake, nilingoja dakika sita na zaidi ndio ipepese mara moja, mpaka keateka akaniuliza kama niko sawa. Pasi, kama mara 17 kwa dakika. Halafu akafungulia shawa ya maji moto, ile ya wati 5000, weh, hapo hesabu ilinishinda, ni zaidi ya mara 80 kwa dakika. Yaani dakika 12 za kuoga ni yuniti nzima, na yuniti hiyo hiyo ingewasha ile balbu masaa zaidi ya 100! Chochote cha kupasha moto, shawa, koili, pasi, birika la umeme, hicho ndicho kinakula. Friji nayo hula polepole lakini hailali, yangu ni kama yuniti moja usiku na mchana, na nilikuwa nimeisukumiza ukutani haipumui. Pia ule mpira wa mlango ulikuwa umelegea, ukibana noti ya mia hapo inatoka bila kuvutwa.

Sasa sikieni ya mwisho. Giza lilipoingia nikamwambia azime kila kitu, friji bado imechomolewa. Ile taa nyekundu ya mita ikaendelea kupepesa, kila baada ya sekunde 36, nikapima tena na tena, hiyo ni wati 100 na nyumba iko giza totoro. Tukafuata waya na keateka mpaka getini, kumbe ile taa kubwa ya usalama ya ploti nzima inakunywa kwa mita yangu. Masaa 12 kila usiku ni yuniti 1.2, kwa mwezi 36, na sisi wenyewe tunatumia kama 80. Na hapo ndipo inauma, kwa sababu tangu Aprili 2023 bei iko kwa ngazi tatu, chini ya yuniti 30 ni rahisi, hadi 100 inapanda, ukipita 100 inapanda tena, kwa hivyo hiyo taa hainilipishi stima yake tu, inanisukuma ngazi ya juu na yangu pia. Juu ya hapo kuna ushuru wa 16% na ile ada ya mafuta ya kuzalisha stima inayobadilika kila mwezi, ndio maana mia tano ya mwezi huu si mia tano ya mwezi uliopita.

Fikirieni sasa wale wa ploti za mita moja. Nyumba nane, kila moja yuniti 20, zingekuwa na mita zao zote zingekuwa ngazi ya chini kabisa, lakini zikijumlishwa ni 160 na wote wanalipa kama matajiri.

Ombi langu kwa malandilodi ni dogo, toeni kufuli kwa masanduku au mtupatie ufunguo, mtu asome mita anayolipia. Wa kwangu nilimpigia nikamweleza yote hayo na sekunde zake, akasema fundi atakuja mwisho wa mwezi. Hakusema mwezi gani.

Mpangaji,
Umoja, Nairobi