Barua ya wazi kwa Meneja Mkuu wa Shirika la Masoko ya Kariakoo

Ndugu Meneja Mkuu,

YAH: JINA LA BEDA AMULI NA MAJI YA PAA LAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Soko Kuu lililozinduliwa mwaka 1975 lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea ubunifu majengo katika chuo cha Technion, Haifa, Israeli. Kariakoo inatajwa kila siku, yeye hutajwa kwa nadra. Hatushangai wengine wakidhani ni kazi ya Wajerumani, maana nao walijenga hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Tunaomba jina lake liandikwe mlangoni. Lakini kibao bila matunzo ni nusu ya heshima, kwa hiyo turuhusu tuanze na paa.

Amuli hakuezeka soko, alilisimamishia miavuli ya zege iliyopinduka. Kila mwavuli unainama kuelekea katikati, hewa inapita huru chini yake, na mvua inakusanywa na kupelekwa kwenye hifadhi ya maji ardhini. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50 juu ya mita za mraba 100 huleta lita 5,000, na zote zinakimbilia tundu moja.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Mfuko mmoja wa plastiki ukilala juu ya chujio bapa, maji yanatuama. Kina cha sentimita 10 ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba, juu ya bamba jembamba la zege. Yakikaa, yanapenya kwenye nyufa hadi kwenye nondo; nondo ikishika kutu inavimba, zege linabanduka vipande. Hewa ya chumvi ya pwani huharakisha yote hayo.

Kwa hiyo, kabla ya masika, kila tundu lisafishwe na kuwekwa chujio lililoinuka kama kuba, ambalo takataka haziwezi kuliziba lote kwa mkupuo. Kisha maji yamwagwe juu na mtu asimame chini kuhakikisha yanatoka. Tundu la dharura la kumwaga ziada liwepo pia, juu kidogo ya lile kuu.

Fundi akishauri kuongeza tabaka la mchanga na saruji ili "kuziba kuvuja", akataliwe. Sentimita 5 za tabaka hilo ni zaidi ya kilo 100 kwa mita ya mraba, tena za kudumu. Nyufa zijazwe moja moja, kisha ipakwe rangi ya kuzuia maji. Mabati juu ya miavuli ndiyo mabaya kuliko yote: yanaficha ufa, na yanaua umbo.

Baada ya moto uliounguza soko Julai 2021, kuna la kufuatilia kwa miaka. Zege lililopita takriban nyuzi 300 za Selsiasi mara nyingi hugeuka rangi ya waridi na kupoteza nguvu, na lipu mpya huifunika rangi hiyo. Sehemu zilizoungua zigongwe kwa nyundo ndogo kila mwaka. Mlio wa debe tupu maana yake zege limeachana na nondo ndani.

Kuhusu kibao: shaba nyeusi au jiwe, herufi za kuchonga, si stika. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, la sivyo zitalia michirizi ya kahawia juu ya jina la mtu. Kisitobolewe kwenye nguzo, maana huko ndiko kwenye nondo na njia ya maji. Ukuta wa matofali unatosha. Kiandikwe: "Mbunifu majengo: Beda Amuli. 1975."

Mwisho, michoro yote ya awali itakayopatikana ipigwe skani, na nakala moja ihifadhiwe nje ya jengo lenyewe. Moto hauchagui karatasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wabunifu majengo na mafundi wa zege, Dar es Salaam

Nakala: Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi