Barua kwa Wazazi na Walezi: Pesa za Kuchezea Wakati wa Likizo ya Juni

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Mbeya.

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa Darasa la Awali, la Kwanza na la Pili,

YAH: KUTENGENEZA PESA ZA KUCHEZEA NYUMBANI

Tunapofunga muhula huu wa kwanza, napenda kuwashukuru kwa ushirikiano mliotupa, hasa katika miezi ya mvua ambapo njia za kuja shuleni zilikuwa ngumu na bado watoto walifika. Ripoti za maendeleo zimetolewa kwa kila mtoto, na walimu wa madarasa wako tayari kuzifafanua. Barua hii ina jambo moja tu, nalo linahusu hesabu.

Watoto wetu wengi wanahesabu vizuri kwa mdomo na kuandika namba bila shida, lakini wanapofika kwenye kutoa kwa kukopa wanakwama, kwa sababu hawaoni ile moja inayokopwa inatoka wapi na inageuka kuwa nini. Zamani mtoto alijifunza jambo hilo dukani alipotumwa chumvi au mafuta ya taa. Siku hizi malipo mengi yanapita kwenye simu, na mtoto anaona mzazi akibonyeza namba tu, wala hashiki chochote mkononi. Kwa hiyo naomba kila nyumba itengeneze pesa za kuchezea kwa vitu vinavyotupwa, bila kununua hata kimoja.

Kwa noti, chukueni maboksi ya dawa ya meno na pakiti za karatasi ngumu za majani ya chai, mzikunjue na kuzikata vipande vya sentimita 10 kwa 5. Kwa sarafu, vifuniko vya plastiki vya chupa za maji vinafaa sana: kata duara la karatasi, andika thamani, kisha libandike juu. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano au wa muhogo, vijiko viwili vya unga kwa kikombe cha maji, unaokorogwa motoni hadi ushike. Vizibo vya soda vinaweza kutumika iwapo mtu mzima amevigonga kwa nyundo kingo zikalala, maana zikibaki zimesimama zinakata vidole.

Thamani za noti zinaweza kuandikwa kwa kalamu, lakini muhuri wa kiazi unawafurahisha watoto zaidi, na viazi katika mkoa wetu havitafutwi. Kata kiazi kikubwa katikati, kifute maji kwa kitambaa, kisha mtu mzima achonge namba kwa ncha ya kisu ili ibaki imeinuka. Namba ichongwe kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo, na ianzie kulia kwenda kushoto. Vinginevyo noti ya 5000 itasomeka 0005, na tano yenyewe itakuwa imegeuka. Wino ni mkaa uliotwangwa laini na kuchanganywa na matone machache ya ile gundi. Anayetaka noti za rangi ya manjano aloweke karatasi nyeupe kwenye maji ya bizari iliyochemshwa, aianike, kisha aibandike kwenye boksi kabla ya kupiga muhuri. Muhuri wa kiazi husinyaa upesi, hivyo noti zote zipigwe siku hiyo hiyo.

Nawaomba sana msitoe kopi ya noti halali wala msichore picha zilizomo. Mwenye mamlaka ya kutoa noti na sarafu nchini ni Benki Kuu ya Tanzania peke yake, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kughushi noti kuwa kosa kubwa. Thamani ziwe zile zile ambazo mtoto atazikuta sokoni, yaani 50, 100, 200 na 500 kwa sarafu, na kuanzia 1,000 hadi 10,000 kwa noti, lakini sura ya pesa iwe ya nyumba yenu: mgomba, jembe, ng'ombe, chochote mtoto anachopenda kuchora.

Lipo pia jambo la usalama ambalo silipitishi haraka, kwa kuwa wengi wetu ni wakulima. Vifuniko, chupa na maboksi ya viuatilifu vya nyanya na viazi visiguswe kabisa kwa kazi hii hata kama vimeoshwa, vivyo hivyo pakiti za dawa za binadamu na za mifugo. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 3 iweke sarafu mbali naye, maana atazitia mdomoni.

Tengenezeni pesa ndogo kwa wingi kuliko kubwa, kwani mchezo unakufa chenji ikikosekana. Kisha fungueni duka jikoni jioni, wakati baridi ya Juni inawaweka wote karibu na moto. Mtoto akinunua nyanya za 700 kwa noti ya 1,000, muuzaji aweke chenji mezani akihesabu kwa sauti: mia nane, mia tisa, elfu moja. Akishazoea, mpeni bei ya 350. Hapo noti ya elfu lazima ivunjwe kuwa mia kumi, na mia moja kati ya hizo ivunjwe kuwa hamsini mbili, ndipo alipe na abaki na 650 mbele yake. Huko ndiko kukopa tunakokufundisha ubaoni, na mtoto aliyekufanya kwa mikono yake anakuelewa. Akikosea, msimwambie jibu. Mwacheni azipange upya na kuhesabu tena, hata kama ugali unasubiri.

Najua likizo hii ni ya mavuno na watoto watakuwa shambani pamoja nanyi. Nusu saa kwa jioni chache za wiki inatosha.

Siku ya kufungua shule, kila mtoto aje na pesa zake ndani ya bahasha au mfuko wa karatasi wenye jina lake. Walimu wataandaa duka katika kila darasa, na mzazi mwenye maboksi matupu ya ziada anaweza kuyaleta siku hiyo hiyo.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mwalimu Mkuu