Barua kwa mwanangu: barakoa kwanza, brashi baadaye

Mwanangu, asalaam aleikum. Huku wazima, mama yako goti limepungua ila ngazi bado zinamsumbua. Ile picha uliyoweka kwenye grupu la familia wote wameipenda, shangazi yako kaisambaza kwa watu hata siwajui, lakini mimi macho yalienda sehemu moja tu. Uko hapo chuoni London unakojifunza kupaka rangi mapazia na mandhari ya jukwaani, umeshika bunduki ya kupulizia, rangi inatoka, na barakoa iko shingoni. Nikaikuza ile picha nione vizuri, kweli iko shingoni.

Naandika manake kwenye simu nikianza habari ya kifua unasema "baba usijali" halafu unaniuliza hali ya hewa ya Dar. Hapa soma mpaka mwisho.

Najua utasema rangi zenu za jukwaani nyingi ni za maji, sio kama zetu za kupulizia magari gereji. Sawa. Lakini si wewe ulonieleza mnafundishwa na ile njia ya zamani, rangi ya unga na gundi ya ngozi za wanyama, inachemshwa chombo ndani ya maji isije ikaungua? Huo unga ndo nausema mimi. Ukimimina tu unapaa, huuoni, na unauvuta. Na za zamani zingine ni sumu, manjano ya kromu ina madini ya risasi, kuna na kijani kilikuwa kinatengenezwa kwa aseniki. Chuo hakiwezi kuwapa hizo, ila ukimaliza hapo London utaingia kwenye karakana za watu, utakuta makopo ya miaka na miaka hayana hata lebo. Kopo usilolijua usilifungue. Na unga unaloweshwa kwanza kwa maji kidogo mpaka utulie ndo unakoroga, na barakoa iko usoni.

Nikwambie na ukweli mwingine. Ulivyoacha uhasibu sikupenda na mpaka leo naona ungemaliza kwanza. Ila ile pazia ya jukwaa uliyochora barabara ya mtaani nimeiangalia sana. Kitambaa cha marekani kimepigiliwa chini chumba kizima, mnatembea juu yake na soksi, brashi zina mpini mrefu kama fagio la kufagilia uwanja, unapaka umesimama bila kuona kitu kizima. Halafu ikainuliwa, barabara ikaenda mbali kweli. Kugawa mchoro mdogo kwa miraba kisha kupiga uzi wa chaki kwenye nguo hilo nalielewa, mafundi wetu wa ujenzi nao wanapiga uzi. Kilichonishinda ni ile nguzo ya marumaru, umesema ni plaiwudi. Uliponitumia picha ya karibu nikaona madoa tu na michirizi, nikataka kukwambia kazi chafu. Kumbe mtu anakaa mbali na taa inampigia. Mimi maisha yangu mteja anapitisha kiganja kwenye mlango wa gari akihisi chembe moja anakurudisha kwenye msasa, kwenu ukilainisha sana mtu wa nyuma haoni chochote. Hiyo ni akili nyingine na umeishika, mwanangu, umeishika haswa.

Lakini ile neti ya jukwaani nayo, ile ambayo taa ikiipiga kwa mbele inakuwa ukuta na ikiwashwa ya nyuma ukuta unapotea watu wanaonekana, ulisema rangi yake lazima iwe nyepesi isizibe matundu, kwa hiyo mnapuliza. Na dawa ya kuzuia nguo isishike moto mnapuliza. Hiyo dawa siipingi, nakumbuka ukumbi wa chuo cha sanaa Bagamoyo ulivyoungua 2002, na wewe ndo ulinisomea habari ya ule ukumbi wa maonyesho wa Chicago ulioungua mwaka 1903, wakafa watu 602. Ipulizwe. Ila kila mnachopuliza kuna mtu anakivuta.

Daktari aliniambia ndani ya hadena, ile dawa ya kukazia rangi za magari, kuna kitu kinaitwa aisosayaneti, kifua kikishaanza kukikataa basi, baadae hata kidogo sana pumzi inafunga. Na usiniambie huko haipo, vanishi za kupaka sakafu ya jukwaa ili isikwaruzike zingine zinachanganywa na hadena vile vile. Soma kopo. Hiyo kupulizia mpaka mvae barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira, chujio peke yake halitoshi, na kama hawana waambie hupulizi. Barakoa ya vumbi ni ya vumbi, haizuii mvuke wa thina, ya mvuke ina chujio lake, na ukianza kusikia harufu ndani ujue chujio limekwisha, na ukimaliza kazi lifungie kwenye mfuko usiliache wazi linakufa lenyewe. Yale maboya meupe mepesi (stairofomu) mnayochonga sanamu, mkikata kwa waya wa moto fungueni milango, moshi wake mbaya.

Pale gereji mtaa wa Gerezani mimi nilikuwa najifunga leso tu, na wewe ulikuwa unapitia hapo na sare za shule unakaa karibu na kompresa, hilo tuliache.

Hela ulotuma tumebadilisha mabati ya jikoni, fundi kaacha tundu moja juu ya jiko nimemwita tena. Mwezi huu usitume. Nunua barakoa yako mwenyewe ya chujio, sio ya kuazimana chuoni, ikae vizuri usoni, waombe wakupime kama haipitishi pembeni. Nikiona umetuma hela nitairudisha.

Mdogo wako anafanya mtihani wa form four Novemba, hesabu bado zinamtoa jasho, ukipata muda Jumapili muelekeze wewe maana mimi akiniuliza tunagombana. Mpangaji wa chumba cha uani kahama, mama yako anataka aweke mashine ya kushonea, mimi nataka kupangisha, yeye atakupigia akuvute upande wake. Na anauliza mafuta ya nazi yalifika au yalimwagika kwenye mzigo, mjibu leo, kaniuliza tangu juzi.

Baba yako