Okidi ya miti ya kahawa haitaki chungu wala udongo

Mhariri,

Ushauri wa kupanda okidi kwenye chungu chenye udongo na samadi unazidi kuenea, nao unaua mimea ambayo ni vigumu kuipata tena. Ninazungumzia hasa ile okidi ndogo nyeupe yenye kitone chekundu katikati, Aerangis luteo-alba aina ya rhodosticta. Hapa kwetu huota kwenye vijitawi vya miti iliyoinamia mito, na hata kwenye miti ya kahawa iliyozeeka. Ua lake lina upana wa sentimita 3 hivi, na shada moja laweza kubeba maua 20 yaliyojipanga safu mbili. Mtu akiiona mara moja huitamani, akainunua, na baada ya miezi michache imekufa.

Chanzo ni mizizi. Mzizi mkavu wa okidi hii una rangi ya kijivu kama fedha. Ukiumwagia maji, hugeuka kijani papo hapo. Ganda lake la nje ni kama sifongo: linafyonza maji upesi, halafu linahitaji hewa likauke. Ukiufukia udongoni haukauki, kuvu huingia, nao hulainika na kuwa kahawia. Mzizi uliooza haunyonyi maji, kwa hiyo majani hunyauka na kukunjamana kama ya mmea wenye kiu. Mwenyewe akiona hivyo huongeza maji, na huko ndiko kuumaliza kabisa. Majani yakikunjamana, gusa mizizi kwanza. Ikiwa migumu, mmea una kiu kweli. Ikiwa laini, umezidishiwa maji.

Okidi hii ifungwe kwenye kipande cha tawi, si kupandwa. Tawi la mti wa kahawa au la jakaranda lenye urefu wa sentimita 20 latosha, mradi gome lake halibanduki. Mkaratusi haufai kwa sababu huvua gome, na mizizi ikaanguka nalo. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa usizikaribie. Loweka mizizi dakika 15 ili isivunjike, kata iliyooza kwa wembe uliopitishwa motoni, kisha ufunge mmea kwa mshipi wa kuvulia samaki, majani yakielekea chini au pembeni. Mwelekeo huo si wa urembo: maji yakilala usiku kwenye kitovu cha majani, doa jeusi lenye majimaji hutokea pale na mmea mzima huenda nalo. Kuvumwani kidogo chini ya mizizi kwasaidia, lakini usiifunike.

Ukishaifunga, iache hapo. Haipendi kabisa kung'olewa mizizi ikishashika. Tawi likioza baada ya miaka, lifunge lilivyo, pamoja na mmea wake, juu ya tawi jipya kubwa zaidi.

Maji ni kila asubuhi, na mara mbili kwa siku upepo mkavu wa Januari na Februari unapovuma, ila jioni mizizi iwe imekauka. Tumia maji ya mvua. Maji ya visima virefu mara nyingi yana chumvi, nayo huunguza ncha za mizizi na za majani. Mbolea ya maji ipunguzwe hadi robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, mara moja kwa wiki mbili, na kesho yake isuuzwe kwa maji matupu. Itundike kivulini, mahali penye hewa inayotembea. Neti inayozuia asilimia 70 hadi 80 ya jua inafaa. Majani yakianza kuwa ya manjano au mekundu upande wa jua, sogeza. Chini ya majani chungulia vidugamba, wale wenye gamba la kahawia, na uwafute kwa pamba yenye spiriti.

Hali ya hewa inayoifaa ni nyuzi 20 hadi 26 mchana na 13 hadi 17 usiku. Kiambu, Nyeri na Kericho watafanikiwa. Usiku wa Mombasa ni wa joto mno kwake, na ndugu zetu wa Pwani ningewashauri wachukue okidi chui, Ansellia africana, iliyozoea joto.

La mwisho ni kuhusu mahali pa kununua. Mmea uliobanduliwa msituni hujulikana: mizizi imekatwa ghafla, majani yana makovu na alama za wadudu, na mimea iliyopangwa pamoja haifanani umri. Uliooteshwa kwenye kitalu ni safi, na wenzake wanalingana kimo. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini haioti bila kuvu ya kuilisha. Ndiyo maana msitu hauwezi kurudisha haraka kilichobebwa kwa gunia. Tangu Lewis Knudson, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alipoonyesha mwaka 1922 kwamba mbegu hizo huota kwenye chupa yenye sukari na madini, hatuna sababu ya kukwangua miti. Okidi zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama pori walio hatarini, kwa hiyo anayevuka nazo mpaka sharti awe na kibali. Mnunuzi amuulize muuzaji zilikooteshwa, na asipopata jibu aondoke.

Mpenzi wa okidi,
Kiambu