Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhusu Kijitabu cha Bethlehem Steel na Mengineyo

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mliohudhuria na mlioomba udhuru. Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vilifanyika, maktaba ilipangwa upya, jarida lilitoka kwa kuchelewa kidogo, na kumbukumbu zote anazo Katibu. Asiyeziona amuombe, si kupiga simu kwangu usiku.

Niingie kwenye lile lililotugawa. Kamati iliamua kijitabu cha mwaka huu kisiwe mkusanyiko wa viwanda vingi vya chuma kama tulivyozoea, bali historia ya kampuni moja tu, Bethlehem Steel ya Pennsylvania, Marekani. Iliamua pia kwamba nusu kubwa ya kurasa ieleze ilivyoanguka. Kura zililingana, kura ya mwenyekiti ikaamua. Katiba yetu inaruhusu jambo hilo, na waliosema nimeburuza kamati wangeisoma kwanza.

Nimetuhumiwa kuichafua kampuni iliyoijenga Marekani. Sifa zake hatukuzificha hata moja. Sura ya Charles Schwab niliiandika mwenyewe: rais wa kwanza wa kampuni kubwa ya chuma ya U.S. Steel mwaka 1901, ambaye mwaka 1904 aliunda shirika la Bethlehem Steel. Zimo pia boriti za mwaka 1908. Kabla ya hapo, boriti nene ya jengo refu iliundwa kwa kuunganisha mabamba kwa ribiti, yaani pini za chuma, moja baada ya nyingine. Mtambo uliobuniwa na Henry Grey ukaifinyanga boriti ya mbawa pana, yenye umbo la H, ikiwa kipande kimoja, nyepesi zaidi na ya bei nafuu, na maghorofa yakazidi kupanda. Lipo daraja la Golden Gate la San Francisco, la mwaka 1937, lenye chuma cha Bethlehem. Zipo meli 1,121 ilizounda wakati wa Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi karibu 300,000, na ahadi ya Eugene Grace, rais wa kampuni, ya meli moja kila siku kwa mwaka 1943, mwaka ambao zilitoka 380. Mnataka sifa gani tena?

Kilichowaudhi wengi, naona, ni sura ya Martin Tower. Hili ni jengo la makao makuu, ghorofa 21, lililokamilika mwaka 1972. Lilijengwa kwa umbo la msalaba ili zipatikane ofisi nyingi za kona, kwa maana mkubwa asiye na madirisha pande mbili alijiona hajafika. Mwanachama mmoja wa siku nyingi aliandika kwamba huo ni umbea wa majengo. Mimi nasema hapo ndipo historia ilipo. Wakati wakubwa wanagawana kona, chuma cha nje kilikuwa kimeshaingia sokoni. Mlango ulifunguka mwaka 1959, mgomo wa siku 116 uliposimamisha sehemu kubwa ya viwanda vya chuma vya Marekani na wateja wakajifunza kununua ng'ambo. Kisha kikaja kipigo cha ndani. Mwaka 1988 kiwanda cha Nucor-Yamato huko Arkansas kilianza kutoa boriti zilezile za mbawa pana, kwa kuyeyusha chuma chakavu katika tanuri la umeme. Hakikuhitaji makaa wala mawe ya madini, na wafanyakazi wake walikuwa wachache. Bethlehem ilipigwa kwa bidhaa iliyoipa jina. Matanuri ya mji wenyewe wa Bethlehem, kampuni ilikoanzia, yakazimwa mwaka 1995. Jengo la kona nyingi lililipuliwa kwa baruti mwaka 2019.

Sura ya pensheni sitaiombea radhi. Kampuni ilifilisika na kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Oktoba 2001, na mwaka 2003 mali zake zikanunuliwa na International Steel Group kwa takriban dola bilioni 1.5. Pensheni zilibebwa na shirika la serikali la dhamana, lakini bima ya afya ya wastaafu na wategemezi wao, watu wapatao 95,000, ilifutwa. Wapo kati yetu wanaoshikilia kwamba ni mafao hayo yaliyoiua kampuni. Ahadi hizo ziliwekwa kampuni ikiwa na watu wengi kazini. Wakati wa kufilisika waliobaki hawakufika 20,000, nao ndio wabebe wastaafu wote. Nani aliyepunguza wafanyakazi bila kuweka akiba ya kutosha? Si mzee aliyemaliza miaka 30 mbele ya tanuri.

Sasa mahudhurio. Siku ya mada ya boriti na madaraja ukumbi ulijaa, watu wakasimama mlangoni. Siku ya mada ya pensheni hatukutimiza hata akidi. Walionishambulia baadaye kwa maandishi hawakuwapo, na orodha ya mahudhurio ninayo.

Ada ndiyo aibu yetu kubwa. Zaidi ya nusu hawajalipa, wakiwamo wawili walioandika barua ndefu kuhusu matumizi mabaya ya fedha za chama. Fedha zipi? Mchapaji alilipwa sehemu kwa mkopo kutoka mfukoni mwangu. Sijidai, ila liingie kwenye kumbukumbu.

Mwaka ujao, tukijaliwa, tutatazama kampuni ya chuma ya Krupp ya Essen, Ujerumani, au Tata ya Jamshedpur, India, kutegemea hali ya mfuko. Lipo pia wazo la maonyesho ya picha, na huenda tukapata mfadhili.

Nakala za kijitabu zilizobaki anazo Mweka Hazina. Aliyelipa ada achukue yake bure, asiyelipa alipe kwanza. Fomu za kugombea uongozi zipo mezani kwa Katibu, na yangu nimekwisha kuirudisha.

Mwenyekiti