Kabla hujanunua jiko la chuma, itazame dohani, bomba lake la moshi

Mhariri,

Jumapili iliyopita mlitoa picha ya jiko la chuma la kizamani, limepakwa rangi nyeusi likang'aa, limewekwa sebuleni na juu yake pana chungu cha maua. Chini ya picha mkaandika kwamba majiko haya yanarudi kwenye fasheni, na anayelitaka aende kwa wauza vyuma chakavu. Mimi ninalo jiko kama hilo. Linawaka, nalipikia mikate kila Alhamisi usiku, na mwaka lilipoingia kwangu nilimpeleka mjukuu wangu zahanati mara tatu katika mwezi mmoja. Ikiwa kuna wasomaji walioanza kulitafuta, nawaomba wanisikilize mimi kabla ya muuza vyuma.

Langu lilitoka katika nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la mkonge, upande wa Muheza. Nyumba ilikuwa inabomolewa nami nilikuwa nimefuata milango. Nikaliona limelala ubavu kwenye majani, kuku ametaga ndani ya tanuri yake. Mlangoni pana neno DOVER, herufi zimetuna. Waliofanya kazi majumbani mwa wazungu watalikumbuka jina hilo. Marehemu mama yangu alikuwa yaya Lushoto ujanani mwake, na kila baridi ya Juni ikitajwa alikuwa lazima alisifu "jiko la Dova", linalolala na moto likaamka nao. Kwa ajili ya maneno yake nililinunua, sikujua hata kama kuna fasheni. Kijana wa vyuma alinipimia kwa kilo kama mtu anayeuza nyama, wanaume wanne wakalipandisha kwenye kirikuu, tukaja nalo Makorora.

Kutu sitaieleza sana, kwani kila mkazi wa Tanga anajua hewa ya bahari inavyokula chuma. Ni brashi ya waya, mafuta ya taa, msasa na subira ya wiki mbili. Vipande vidogo nilivilaza kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikavisuuza kwa maji ya magadi ili ukali wa siki usiendelee kutafuna. Ila kabla brashi haijagusa kitu chochote, mpwa wangu alinizuia mkono. Pembeni mwa mlango kulikuwa na kamba nyeupe iliyooza, ile inayoziba hewa. Yeye amefanya kazi ya kushusha mapaa ya asbesto, na akasema kamba za majiko ya zamani huenda ni asbesto vilevile. Ukiisugua ikiwa kavu, vumbi lake linaingia mapafuni na halitoki. Tuliilowanisha kwa maji, tukaing'oa mbichi, tukaifunga kwenye mifuko miwili, na mahali pake tukaweka kamba ya nyuzi za kioo. Haya hamkuyaandika chini ya picha.

Lilikuwa pia na ufa kwenye bamba la juu, kutoka tundu la sufuria hadi kona. Fundi wa kwanza aliuchomelea kwa vijiti vile vile vya kuchomelea mageti, akaondoka. Tulikuwa tunakunywa chai liliposema "pwaa!" kama baruti, na ufa mpya ukatokea pembeni ya ule wa kwanza. Chuma hiki ni cha kumimina kwenye kalibu. Kina kaboni nyingi, kigumu lakini hakinyumbuki. Ukikipa moto sehemu moja na kwingine kukawa kwa baridi, kinajipasua chenyewe. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Gofu, mtu wa maneno machache. Alilipasha bamba zima kwenye mkaa kwanza, akachomelea kidogo kidogo kwa vijiti vya nikeli, kisha akalizika kwenye majivu hadi kesho yake lipoe pole pole. Mwaka wa tano huu, mshono haujafunguka.

Sasa dohani, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kazi ya kulifunga nilimpa fundi mwingine, simtaji. Alitumia bomba la mabati, yale yale ya kushushia maji ya mvua. Akalipiga viwiko vitatu, akalitolea ukutani chini ya mapapi, mdomo wake ukatazama kusini. Kwa macho lilipendeza, paa halikutobolewa. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, na jiko likavuta vizuri hata nikaalika majirani. Mabati yale yana zinki juu yake, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaomtia mtu homa. Hilo nilikuja kulijua baadaye, na hata hivyo halikuwa kosa kubwa la kazi ile.

Kusi ikaingia, na masika nayo. Upepo ukawa unaingia kwenye mdomo wa bomba na kuushindilia moshi chini. Mvua ikinyesha nafunga madirisha ya jikoni, maana banda langu la uani linavujiwa upande wa dirisha. Mjukuu wangu, wakati huo darasa la nne, alikuwa akifanyia kazi za shule pale pale kwenye meza ya unga kwa sababu pana joto na taa nzuri. Akaanza kuumwa kichwa, anatapika, miguu haina nguvu. Hapa kwetu dalili hizo zina jina moja tu. Tukapima malaria, hana. Wiki iliyofuata tena, hana. Akilala kwa mama yake Chumbageni anaamka mzima, akirudi kwangu anaumwa, hadi mkwe wangu akaanza kunitazama kwa jicho ambalo Mhariri sitalieleza hapa. Mara ya tatu muuguzi mmoja, binti mdogo tu, akaacha kuandika akaniuliza, "Bibi, kwani mnapikia nini?" Nikamwambia. "Na wewe kichwa hakikuumi?" Kilikuwa kikiniuma mwezi mzima. Nilidhani ni uzee.

Ilikuwa kaboni monoksaidi. Watu huogopa moshi, lakini moshi angalau unakutoa machozi ukatoka nje. Hii haina rangi wala harufu, na kaa jekundu lisilotoa moshi hata kidogo linaitoa. Hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida. Ndiyo hiyo hiyo inayowaua wanaolala chumbani na jiko la mkaa wakati wa baridi, habari ambazo gazeti lenu hili limeziandika mara nyingi. Jiko la chuma lenye dohani mbovu halina tofauti na jiko la mkaa chumbani, isipokuwa ni zito zaidi.

Nikang'oa bomba lote. Mzee wa Gofu, ambaye ilibainika aliwahi kufanya kazi viwandani, alikuja akakaa kwenye ndoo na kunieleza jambo ambalo fundi wa mabati hakuwa nalo kichwani: bomba lenyewe ndilo linalovuta, jiko halisukumi kitu. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Ikipanda inaivuta nyingine nyuma yake. Kwa hiyo bomba liwe refu, lisimame wima, lisipoe njiani. Kila kiwiko kinapunguza mvuto, na mdomo ukiwa chini ya paa unaachia upepo uamue.

Tukatoboa paa. Bomba safari hii ni la chuma cheusi kinene, inchi sita, limenyooka toka jikoni hadi juu. Mdomo wake umepita mgongo wa paa. Kanuni aliyonipa mzee ni kwamba bomba litoke sentimeta 90 juu ya mahali linapotoboa paa, na liwe juu kwa sentimeta 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita tatu, ukiwemo ukuta wa jirani. Kati ya bomba na boriti aliacha sentimeta 45. Boriti zangu ni za mikoko, kavu za miaka mingi, na akasema mti unaopashwa kila wiki hauhitaji mwali ili uwake siku moja. Moja tuliikata na kuihamisha. Mimi ningeunga mabomba la juu likilivika la chini ili mvua isiingie. Yeye akaligeuza: la juu linaingia ndani ya la chini, ili utomvu wa moshi ukishuka ubaki ndani badala ya kuchuruzika nje ukutani. Kila maungio akayapiga skrubu tatu. Halafu akavunja tofali mbili chini ya dirisha, pakawa na tundu la hewa lisilofungwa, na akaniapisha kwamba sitaliziba hata mvua iwe ya gharika.

Dohani ilinila mara mbili ya bei ya jiko. Anayekuuzia jiko kwa kilo hatakwambia hivyo, na aliyeliweka chungu cha maua juu yake hakuhitaji kujua. Kama ni pambo, pambeni, sina neno. Lakini najua binadamu: siku moja atakuja mgeni, mtasema hebu tuliwashe tuone.

Kuhusu makaa ya mawe, nilijaribu. Jiko hili limetengenezwa kwa hayo, ndiyo maana lina chekeche la chuma chini ya moto na trei la majivu; kuni zinaweza kuwaka juu ya majivu yake zenyewe, makaa ya mawe yanataka hewa ipite katikati yake kutoka chini. Nchi yetu inayo, Ngaka kule Mbinga na Kiwira, na mpwa wangu mwenye lori aliniletea gunia. Hayashiki kwa kiberiti: unaanza na kuni hadi upate makaa mekundu, kisha unayapanga kidogo kidogo. Yakishika, astaghfirullah, moto wake si wa kuni wala mkaa. Tofali la ndani likapasuka na mkate ukaungua chini kabla ya kuumuka juu. Na harufu ya salfa mtaa mzima. Jirani alikuja kuuliza nachoma nini. Masizi yake yakikaa kwenye bomba na unyevu wetu huu yanageuka tindikali na kulitoboa, kwa hiyo nililisafisha siku ile ile. Gunia lililobaki nililigawa kwa mfua vyuma. Mimi nachoma vifuu vya nazi na matawi makavu ya mkorosho, na kuta za ndani nimezikandika udongo wa kichuguu, ambao naurudishia kila mwaka kabla ya Ramadhani.

Najua mtaniuliza nishati safi. Mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, nami nauunga mkono. Chai, wali na mchuzi napikia gesi kama watu wengine, na sitamshauri mama yeyote mwenye mtungi aurudishe dukani afuate chuma cha meneja. Hili ni la mikate ya Ijumaa tu. Gesi haijawahi kunipa ule ukoko wa chini wa boflo ambao wateja wangu wa soko la Mgandini wanaugonga kwa kidole kabla ya kununua. Mwanangu amenitumia kutoka Dar es Salaam kengele ndogo ya betri inayolia hewa hiyo ikizidi. Imetundikwa juu ya meza ya unga, ambako mjukuu, sasa kidato cha kwanza, amerudi kufanyia hesabu zake. Kabla ya kuwasha nachoma gazeti moja kwenye shingo ya bomba ili liote joto lianze kuvuta. Samahani Mhariri, mara nyingi gazeti hilo ni lenu.

Nina ombi kabla sijamaliza. Tundu la pili la sufuria halina pete yake ya ndani, ile ya duara ya upana wa inchi nane inayonyanyuliwa kwa ndoano, na kwa sasa nafunika kwa sinia la chuma lililopinda. Majumba ya mashamba ya Korogwe, Muheza na Lushoto yana vyuma kama hivyo vinavyozuia milango au vimekaa chini ya mitungi ya maji. Msomaji mwenye nayo asiipeleke kwenye mizani. Nitampa mara mbili ya bei ya chakavu na mikate minne, ya moto.

Bibi Muuza Mikate,
Makorora, Tanga