Mvua isitufanye tufungiane na kikohozi

Ndugu Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma gazeti lako bila kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya afya kuhusu mafua na vichomi hapa Mwanza, iliyowashauri wazazi wawavalishe watoto masweta na kufunga madirisha mapema, imeniudhi sana. Na sweta sina ugomvi. Dirisha ndilo nililoligombania maisha yangu yote ya kazi, na ninyi mmewaambia watu walifunge.

Nilikuwa mtu wa maabara hadi nilipostaafu. Kazi yangu kubwa ilikuwa makohozi: kuyapaka kwenye kioo, kuyapitisha motoni, kuyatia rangi nyekundu, kuyaosha kwa asidi, kuyatia rangi ya buluu, kisha kuinama kwenye darubini. Ukiviona vile vijiti vyekundu vyembamba, vijidudu vya kifua kikuu, vimelala kwenye uwanja wa buluu, unajua aliyetoa makohozi haya amekuwa akikohoa nyumbani, kanisani au msikitini, na kwenye daladala. Nilikuwa najiuliza kila mara: alikohoa akiwa wapi, na hewa ya hapo ilikuwa na pa kutokea?

Baridi peke yake haimwambukizi mtu. Kwamba inasaidia ugonjwa kusambaa, hilo sikatai. Hewa ya baridi na kavu hukausha pua na koo, vile vinyweleo vidogo vinavyosukuma kamasi nje ya njia ya hewa hufanya kazi polepole, na virusi vya mafua huishi hewani muda mrefu zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa New York waliwaweka simbilisi wenye mafua jirani na wazima. Kwenye digrii 5, hewa ikiwa kavu, virusi viliwafikia wazima kwa urahisi. Kwenye digrii 30 maambukizi ya njia ya hewa yalikoma. Ndiyo maana Ulaya na Marekani mafua yana msimu wake, unaokuja na majira ya baridi. Sasa Mwanza iko kama digrii 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Hiyo baridi ya digrii 5 tutaitoa wapi? Nchi za joto kama yetu zina mafua mwaka mzima, na mara nyingi yanapanda mvua zinapokolea. Mvua inatuingiza ndani, tunafunga kila tundu, tunabanana, na kila mmoja anavuta pumzi iliyotoka kwenye kifua cha mwenzake. Hili gazeti lako halikuligusa.

Masika iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu kwenye kituo kimoja cha afya hapa jijini. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri, ile inayokuja na radi kutoka ziwani. Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa pomoni: akina mama waliokuja kliniki na watoto wachanga, wajawazito, wazee wa presha, na katikati yao, kwenye benchi lile lile, kijana amekonda, anakohoa kikohozi kirefu cha kukunja mgongo na kutemea kwenye leso. Madirisha yote yamefungwa, yale ya aluminiamu ya kuteleza. Vioo vilikuwa vimeota ukungu kwa ndani, maji yanachuruzika hadi chini. Watu walikuwa wanauona ukungu ule na hakuna aliyejiuliza umetoka wapi. Umetoka vifuani mwetu! Nikanyanyuka nikafungua dirisha moja. Muuguzi akaniambia, kwa heshima kabisa, "Babu, naomba ufunge, mvua inalowesha mafaili." Meza ya mafaili ilikuwa imewekwa chini ya dirisha. Nikasema basi tuisogeze meza, nitasaidia kubeba. Mama mmoja mwenye kichanga akadakia, "Shikamoo babu, tafadhali, mtoto wangu atapata nimonia." Nikamwambia, mwanangu, nimonia inaletwa na vijidudu, na mojawapo ya vinavyoileta mwanao amechanjwa dhidi yake, chanjo hiyo ipo nchini tangu 2013, itazame kwenye kadi uliyoshika. Mfunike shingo na kifua, muache avute hewa safi. Hakunisikiliza, na simlaumu, maana hayo ya baridi ndiyo anayosikia kila siku, na sasa yamechapwa gazetini. Dirisha likafungwa. Yule kijana hakuna aliyemtoa kwenye benchi, wala hakuna aliyempa kikopo cha makohozi, wakati utaratibu unajulikana: mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu, na akisubiri akae penye hewa, mbali na watoto. Nchi hii ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na nchi nyingine zikaja kuiga utaratibu wake. Halafu tunakaa na mgonjwa tumefunga vioo kwa ajili ya mafaili! Nilitoka na mjukuu wangu barazani tukakaa pale, na jina lake lilipoitwa ndani hatukulisikia. Tukarudishwa mwisho wa foleni.

Majengo tunayojenga siku hizi yananiumiza roho. Zahanati za zamani zilikuwa na dari la juu, madirisha mapana pande zote mbili, na baraza ya kuzunguka. Leo kila ramani inaletwa na vioo vya kuteleza, ambavyo hata ukivifungua vyote unapata nusu tu ya dirisha, na kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile ya ndani bila kuingiza mpya. Mwaka huo huo wa 2007 ulitoka utafiti wa hospitali za Lima, kule Peru, ukaonyesha kwamba wodi za zamani zenye dari la juu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa zilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa vilivyofungiwa mashine za kuvuta hewa. Sisi tuna ziwa. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na wavuvi wa tanga wameutegemea enzi na enzi. Jengo lenye madirisha mawili yanayotazamana upande wa ziwa na upande wa mlimani linapata hewa mpya saa zote bila kulipia umeme.

Daladala ni hivyo hivyo. Tone la kwanza tu, konda anapiga kelele "fungeni vioo huko," na kuanzia Buhongwa hadi mjini watu wanakoholeana magotini. Na majumbani, mvua ikinyesha jiko la mkaa linaingizwa ndani pamoja na watoto. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba moshi wa majikoni karibu unamuongezea mtoto maradufu hatari ya kupata nimonia. Mwaka 2020 ziwa lilipofura likaingia kwenye nyumba za watu wa mialoni, familia zilizohama zilikwenda kubanana vyumbani kwa ndugu. Hali ya hewa inapobadilika, kifua kinaumia kwa njia hizo za msongamano na moshi. Mwandishi wako angekwenda kuwauliza wale watu angepata habari yenye manufaa kuliko ile ya masweta.

Ninachoomba kinawezekana. Kila chumba cha kusubiria kwenye zahanati na vituo vya afya vya Nyamagana na Ilemela kiondolewe vioo upande mmoja, kiwekewe wavu wa mbu na nondo tu. Paa litokeze futi 4 nje ya ukuta, mvua ya upepo isifike ndani, ili pasiwe na sababu ya kufunga. Meza ya mafaili ihamie ukuta usio na dirisha. Benchi la wanaokohoa liwe barazani, chini ya paa hilo hilo, na muuguzi aanze nalo kila asubuhi kabla ya foleni nyingine. Kwenye daladala, dirisha la mbele kushoto na la nyuma kulia yaachwe wazi upana wa vidole vitatu hata mvua inyeshe, na abiria anayelowa bega ahamishwe kiti. Na wewe Mhariri, kabla ya vuli kuanza, chapisha kwenye ukurasa ule ule na kwa herufi kubwa zile zile kwamba madirisha yafunguliwe.

Mstaafu wa maabara,
Nyegezi, Mwanza